Maswali ya Wasomaji: Zana za Karakana Ndogo ya Nyumbani

Barua tulizopokea safari hii zimehusu zaidi zana za useremala kuliko samani zenyewe. Nimechagua sita ambazo majibu yake yanaweza kumfaa yeyote mwenye chumba cha uani, baraza au kibanda anachotaka kukigeuza kuwa karakana. Barua nimezifupisha na majina ya waandishi nimeyaacha.

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Morogoro. Nimetenga chumba cha uani chenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 4, nami nataka kutengeneza viti, meza na rafu kwa matumizi ya nyumbani, na pengine kuuza kimoja kimoja. Muuzaji amenishauri ninunue mashine moja inayopasua, kuranda na kutoboa, ambayo bei yake itameza karibu fedha zote nilizoweka akiba. Je, hiyo ndiyo njia sahihi ya kuanza?

Jibu: Shikamoo, Mwalimu. Mashine hiyo naomba isubiri, na sababu ya kwanza ni chumba chako chenyewe. Ubao wa futi 12, ambao ndio urefu uliozoeleka katika maduka yetu ya mbao, una takribani mita 3.7, na ili uupasue kwa urefu kwenye mashine isiyohama unahitaji nafasi ya urefu huo mbele ya msumeno na nafasi nyingine kama hiyo nyuma yake, yaani zaidi ya mita 7 kwa jumla. Chumba cha mita 4 hakiwezi kuipa mashine hiyo nafasi, isipokuwa uwe unaitoa uani kila siku ya kazi na kuirudisha jioni. Sababu ya pili ni kwamba kazi mbili nzito zaidi, kupasua na kuranda mbao mbichi kutoka kiwandani, unaweza kuzilipia huko huko unakonunulia mbao, kwa kuwa maduka mengi yana mashine kubwa na hutoza kwa ubao. Wewe utabaki na kukata kwa vipimo, kuunganisha na kulainisha, na kazi hizo zinamalizika vizuri kwa zana za mkono. Mafundi wa majahazi wa Lamu na Nungwi waliunda vyombo vya kuvuka bahari kwa misumeno, tezo, patasi na keekee ya kuzungushwa kwa uta. Meza ya chakula haiwezi kutushinda.

Fedha zako zianzie kwenye benchi. Watu hulisahau kwa sababu halionekani kuwa zana, lakini ubao unaotikisika wakati wa kuranda utakufanya uilaumu randa bure. Tengeneza benchi zito, miguu ya inchi 4 kwa 4 ikipatikana, uso wa mbao nene, na kimo kinachofika kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama wima na mikono imening'inia. Likiwa juu zaidi ya hapo utachoka mabega unaporanda, na likiwa chini sana mgongo wako utalipa gharama. Lifunge jiliwa (kibanio cha kushikilia ubao) moja imara upande wa mkono wako wa kushoto ikiwa unatumia mkono wa kulia.

Baada ya benchi nunua vipimo, na hapa usione uchungu wa kulipa zaidi. Futi kamba moja itumike kuanzia mwanzo wa kazi hadi mwisho, kwa sababu futi mbili za viwanda tofauti zinaweza kupishana milimita nzima. Guni, yaani kipimo cha pembe mraba, ipime dukani kabla ya kulipa: tafuta ubao wenye ukingo ulionyooka, weka guni ukingoni, chora mstari kwa penseli iliyochongwa, kisha igeuze upande wa pili na uchore mstari mwingine kuanzia nukta ile ile. Mistari ikilaliana, guni ni sahihi. Ikiachana, kosa la guni ni nusu ya pengo unaloliona. Muuzaji akikataa usiipime, hilo pekee ni jibu.

Zana zenye makali ziwe chache. Msumeno mmoja wa mkono wenye meno 8 hivi kwa inchi utakata mbao nyingi, na mwingine mdogo wenye mgongo mgumu wa chuma na meno 12 au zaidi utakata ndimi za viungo. Patasi tatu, za milimita 6, 12 na 25, zinatosha kwa muda mrefu, na seti ya patasi kumi na mbili kwa bei ya patasi tatu nzuri usiinunue, kwa kuwa chuma chake huwa laini na makali hayadumu. Ongeza randa moja ya chuma ya ukubwa wa kati, nyundo ya chuma na ya mbao, drili moja ya umeme, jiwe la kunolea, na klempu (vibanio vya kushikilia mbao zinapounganishwa) kadri mfuko unavyoruhusu. Klempu hazijawahi kumtosha seremala yeyote ninayemfahamu. Ukikuta randa kuukuu ya Kiingereza iliyochapwa jina la Sheffield kwenye meza ya mitumba, ikiwa mwili wake haujapasuka na kisu chake hakijaliwa na kutu hadi kwenye makali, ichukue kabla ya ile mpya ya bei rahisi.

Swali: Nimenunua randa mpya ya chuma dukani hapa Tanga ili nilainishe uso wa meza ya mvule. Kwenye mbao za paina inateleza vizuri kiasi, lakini kwenye mvule inachimba na kung'oa vipande, halafu baada ya dakika chache haikati kabisa. Fundi jirani anasema mvule haurandwi kwa mkono, nipige msasa tu. Ni kweli?

Jibu: Dada yangu, jirani yako amesema nusu ya ukweli. Mvule una mambo mawili yanayomsumbua mwenye randa. La kwanza ni nyuzi zake zinazopishana: tabaka moja la mti hulalia upande huu na tabaka linalofuata hulalia upande wa pili, kwa hiyo katika ubao mmoja utakuwa unafuata nyuzi sehemu moja na kuzipinga hatua chache mbele. La pili ni chokaa ngumu ambayo mti huu huihifadhi ndani ya mbao, wakati mwingine ikiwa vipande unavyoweza kuviona kama mawe meupe, na ambayo hula makali upesi kuliko mbao zenyewe. Hata hivyo mvule unarandwa, mradi randa iandaliwe.

Randa mpya kutoka dukani kwa kawaida haijaandaliwa. Kisu chake kimesagwa kiwandani lakini hakijanolewa, na tofauti hiyo ndiyo unayoiona mezani kwako. Huhitaji mawe ya gharama kubwa. Nunua kipande cha kioo kinene cha dirisha na karatasi za msasa wa maji za namba 400, 800 na 1500 au 2000, zilaze juu ya kioo na uziloweshe. Anza na mgongo wa kisu, yaani upande usio na mteremko, ukiulaza bapa kabisa na kuusugua hadi sentimita 1 ya mwisho karibu na makali ing'ae pote bila mistari ya kiwandani. Kazi hii inachosha, lakini hufanywa mara moja tu katika maisha ya kisu. Kisha geukia upande wa mteremko.

Kwa randa, mteremko husagwa kwa pembe ya nyuzi 25 na makali yenyewe hunolewa kwa pembe ya nyuzi 30. Kama huna kipimo cha pembe, tumia unene wa kisu: kwenye nyuzi 30, urefu wa mteremko ni unene wa chuma mara mbili, hivyo kisu cha milimita 2 kitakuwa na mteremko wa milimita 4, kwenye nyuzi 25 mteremko huo unakaribia milimita 4.7. Noa kwa kuvuta kisu kuelekea kwako hadi uhisi kwa ncha ya kidole, upande wa mgongo, ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja katika upana wote wa makali. Usipouhisi hujafika, hata ukinoa saa nzima. Ukishauhisi, hamia kwenye karatasi laini zaidi, kisha ulaze mgongo bapa na usugue mara chache ili ukingo huo ukatike. Jaribu makali kwenye ncha ya kipande cha paina, mahali nyuzi zinapoishia: kisu kikali huacha uso unaong'aa, na kisu butu huacha uso mweupe uliopondeka. Kujaribu kwa kunyoa manyoya ya mkono kunawafurahisha watazamaji tu, kwani hata makali ya wastani hunyoa.

Sasa urudi kwenye nyuzi zinazong'oka. Juu ya kisu kuna bamba la chuma lililopinda, ambalo kazi yake ni kuyavunja maranda kabla hayajapata nguvu ya kuinua nyuzi zilizo mbele ya makali. Wengi huliacha nyuma kwa milimita 2 au 3, na hapo halifanyi kazi yoyote. Kwa mvule lisogeze hadi libaki nusu milimita au chini kidogo kutoka kwenye makali, ukihakikisha limekaza bila pengo, kwa maana maranda yakipata upenyo chini yake yatasongamana na randa itaziba. Acha kisu kitokeze kidogo mno chini ya randa, kiasi kwamba maranda yanayotoka yanapitisha mwanga, na upake nta ya mshumaa chini ya randa ili isikwame. Pita kwa mshazari badala ya kunyooka, na mahali panapong'oka geuza upande wa kurandia. Panga kunoa tena kila baada ya muda mfupi, kwa sababu ile chokaa haitakuhurumia, na ukiona jiwe jeupe lichokonoe kwa ncha ya patasi kuukuu kabla ya kulipitishia kisu ulichokinoa.

Ukishafika hapo, msasa wa namba 120, 180 na 240 utakuwa kazi fupi ya kumalizia. Vaa barakoa nzuri unapopiga msasa, ile inayobana usoni ya daraja la FFP2 au N95, na si kitambaa. Vumbi la mvule huwawasha wengi macho, pua na ngozi, na vumbi la mbao kwa jumla limo katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu iliyowekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO.

Swali: Msumeno wangu wa mkono umekuwa butu. Nimejaribu kuunoa kwa tupa ya pembetatu lakini tupa inateleza juu ya meno kana kwamba ni kioo. Tatizo ni tupa au msumeno?

Jibu: Tatizo ni msumeno. Tazama ncha za meno: zikiwa na rangi nyeusi au ya buluu tofauti na bati lote, meno hayo yameimarishwa kwa joto kiwandani hadi yakawa magumu sawa na tupa au kuizidi. Misumeno ya namna hiyo hudumu kwa muda mrefu, lakini ikishakufa hainoleki. Bati lake ni chuma kizuri, likate utengeneze vikwangulio vya kulainishia mbao. Utakaponunua mwingine, chagua wenye meno ya rangi moja na bati, ununue na tupa inayolingana nao, na utaweza kuunoa mara nyingi sana.

Swali: Mimi ni kijana wa Mwanza, nimeanza useremala nyumbani nikiwa na grinda ndogo niliyokuwa nikitumia kwa vyuma. Mafundi wengi hapa wanaifunga diski ya meno ya kukatia mbao na kazi inakwenda haraka. Wanatoa na kile kikinga cha chuma ili diski kubwa iingie. Nami nataka kufanya hivyo badala ya kununua msumeno wa umeme. Je, kuna hatari?

Jibu: Mdogo wangu, usifanye hivyo. Nimeona hayo unayoyasema katika karakana nyingi, na kuzoeleka kwake ndiko kunakowadanganya watu.

Grinda ndogo ya diski ya milimita 115 huzunguka takribani mara 11,000 kwa dakika. Msumeno wa umeme wa mkono wenye diski ya milimita 185 huzunguka mara 5,000 hadi 5,500 hivi. Chukua diski yoyote ya kukatia mbao uisome: imechapwa kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa, na kwa diski kubwa unazozisema namba hiyo mara nyingi iko chini ya kasi ya grinda. Kuizidisha maana yake ni kwamba vipande vya chuma kigumu vilivyochomelewa kwenye meno vinaweza kung'oka na kuruka kama risasi, wakati ambapo kikinga cha kuvizuia kimetupwa pembeni.

Hatari ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Diski ya kukatia chuma husaga, haina jino la kuuma. Diski ya meno huuma, na mbao ikijibana kidogo tu jino hukamata na grinda nzima hurushwa nyuma kumwelekea mshikaji. Msumeno wa umeme una bamba pana linalokaa juu ya ubao na kuzuia diski isizame kuliko ulivyoipangia, pamoja na kikinga kinachojifunga chenyewe unapouinua. Grinda haina kimojawapo, na nyingi zina kitufe kinachojifunga ili iendelee kuzunguka hata ukiiachia. Ikikuponyoka mkononi inaendelea kukata chochote inachokutana nacho, na mara nyingi kitu hicho ni paja au mkono wa kushoto.

Kama fedha ya msumeno wa umeme haijapatikana, msumeno wa mkono ulionolewa hukata ubao wa inchi 1 kwa 6 chini ya dakika moja. Grinda yako isiitupe. Iache na diski za chuma, itakusaidia kusagia patasi zilizomeguka, ukizichovya kwenye maji kila baada ya sekunde chache ili zisigeuke rangi ya buluu. Rangi hiyo ikitokea, ugumu wa chuma mahali hapo umekwisha, na huna budi kusaga hadi uipite.

Swali: Kaka yangu anayeishi Houston, Marekani, amenitumia kwenye kontena msumeno wa meza na drili ya betri iliyoandikwa volti 20. Msumeno umeandikwa volti 120, hezi 60 na ampea 15. Mimi niko Kigamboni. Fundi umeme anasema ninunue kibadilishaji umeme chochote na kila kitu kitafanya kazi. Na je, drili ya volti 20 ina nguvu kuliko ya volti 18 zinazouzwa hapa?

Jibu: Neno "chochote" ndilo lenye hatari. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50 (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde), na kuuchomeka msumeno huo moja kwa moja ni kuuchoma. Ampea 15 kwa volti 120 ni wati 1,800, na mota yoyote inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi zaidi ya huo kwa muda mfupi, kwa hiyo kibadilishaji cha wati 2,000 kitalia na kupata moto. Tafuta cha wati 3,000 ambacho uzito wake unaonyesha kina shaba ya kutosha ndani. Kibadilishaji hushusha volti lakini hezi hubaki 50, na hapo inategemea mota. Ukiwasha msumeno ukapiga kelele kali ya kuvuma, tena una vifuniko viwili vidogo pembeni vya kubadilishia kaboni, mota yake haijali hezi, na misumeno mingi ya meza ya kubebeka iko hivyo. Kama ni ule mzito wenye mota tulivu inayovuta mkanda, utazunguka polepole kwa karibu moja ya sita na mota itapata joto zaidi ya kawaida. Hapo mwite fundi wa mota afungue kisanduku cha nyaya, kwa kuwa mota nyingi za aina hiyo zinaweza kuungwa upya kwa volti 230, ingawa suala la hezi litabaki.

Kuna jambo jingine ambalo fundi wako hakulitaja. Tundu la diski ya msumeno wa Kimarekani wa inchi 10 lina inchi 5/8, yaani karibu milimita 15.9, ilhali diski nyingi za ukubwa huo zinazouzwa kwetu zina tundu la milimita 25.4 au 30. Utahitaji pete ya kupunguzia tundu yenye kipimo kamili. Asikushawishi mtu kuzungushia bati au waya, maana diski isiyokaa katikati hutikisika, na msumeno wa meza hausamehe hilo. Hakikisha pia lile jani la chuma linalosimama nyuma ya diski lipo na halijatolewa, kwa sababu ndilo linalozuia ubao usijibane na kurushwa tumboni kwako.

Kuhusu drili, betri hizo ni zile zile. Ndani mna seli tano, kila moja ikiwa na takribani volti 4 inapojaa na 3.6 katika matumizi ya kawaida. Mwenye kuhesabu kilele hupata 20 na mwenye kuhesabu wastani hupata 18. Ukitaka kulinganisha betri, zidisha volti kwa ampea-saa ukitumia volti za aina moja. Chaja yake isome kabla ya kuichomeka: ikiandikwa 100–240 itafanya kazi ukibadilisha plagi, na ikiandikwa 120 pekee nunua ya volti 230 ya kampuni hiyo hiyo inayolingana na betri.

Swali: Jirani yangu hapa Nakuru anafuga kuku na huniomba maranda ya kutandika bandani. Siku hizi natumia mbao za paina zenye rangi ya kijani kibichi kwa sababu haziliwi na mchwa. Nimpe tu?

Jibu: Usimpe hayo. Rangi hiyo ya kijani ni dawa iliyoshindiliwa ndani ya mbao, na katika aina iliyozoeleka mna shaba, kromiamu na aseniki, ambayo ni sumu. Kuku huokota matandiko, na mbolea ya banda hatimaye hufika kwenye mboga. Vipande vyake pia visiende jikoni wala kwenye jiko la kuchomea nyama, kwa maana aseniki hutoka na moshi na inayobaki hukaa kwenye majivu. Tenga gunia moja la maranda ya mbao zisizo na dawa kwa ajili ya jirani yako, fagia sakafu kabla ya kubadilisha mbao, na ya kijani yafunge kwenye mfuko peke yake yaende dampo.